Mabega Tisini na Manne

Baba mkwe wangu haamini kwamba kuna binadamu mwenye mabega sawa. Anasema Mungu alitupa mawili yaliyolingana, kisha maisha yakaja na mzigo wake, na kila mtu akachagua upande wa kuubebea. Mchota maji ana bega lake lililoshuka, karani ana lake, mama wa mtoto mchanga ana lake. Ukiingia dukani kwake ukavuta pumzi na kujikaza kama askari, anakuzunguka, anasimama mgongoni kwako na kukwambia polepole, "Shusha pumzi, mwanangu. Hapa hatupigi picha." Kisha anaweka viganja viwili juu ya mabega yako, anafumba macho kama anayesikiliza redio ya mbali, na kutamka, "La kushoto, nusu inchi."

Mtaani wanamwita Futi, kwa sababu ya futikamba inayoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapolala. Mama mkwe anasema hata siku ya harusi yao alifika nayo shingoni, ikabidi msimamizi aivue mbele za watu, naye akawa anaiangalia zaidi mfukoni mwa msimamizi kuliko alivyomwangalia bibi harusi.

Kazi yake ni majoho ya chuo. Chuo chenyewe kiko ng'ambo ya barabara, na yeye ameshona majoho ya wahitimu wake miaka ishirini na sita. Hajawahi kusoma pale hata siku moja, lakini ukimtajia daktari yeyote mkubwa aliyetoka pale, atakwambia, "Yule? Mikono mirefu, shingo fupi." Kwake hiyo ndiyo historia ya chuo. Nimeolewa na mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma, na tangu nijifungue nashinda dukani na binti yangu, tunayemwita Meneja kwa sababu hafanyi kazi yoyote ila kuwakagua wanaofanya. Mimi navuta nyuzi, natoboa matundu ya vifungo, na kuandika vipimo daftarini, maana Baba macho yake siku hizi yanaona mshono lakini hayaoni herufi.

Sasa, miezi mitatu kabla ya mahafali, aliingia Bwana Mahafali. Jina lake silijui vizuri, ila ndiye ofisa anayeshughulikia sherehe pale chuoni. Ni kijana bado, anatembea kama mtu aliyechelewa basi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bega la kulia limezidi kushuka. Punguza kubeba hiyo kompyuta."

"Mzee, mwaka huu tuna wahitimu mia moja ishirini na saba."

Baba akaacha mkasi. "Wametoka wapi? Hapa getini mbona sioni watu?"

Ndipo akaeleza. Themanini walikuwa wa darasani, wale tunaowaona wakivuka barabara na madaftari. Arobaini na saba walikuwa wa mtandaoni. Walisoma shahada nzima kwenye simu na kompyuta, kila mtu kwao, wengine hawajawahi kuliona hata lango la chuo. Mwaka wa kwanza walihitimu sita, mwaka uliofuata kumi na tisa, wote wa mjini hapa, wakaja kupimwa kama wengine nasi hatukuwatofautisha, sasa ndio hawa arobaini na saba, na waliojiandikisha kuhitimu mwaka kesho ni kama mia tatu.

"Shahada za hewani," akasema Baba.

"Ni shahada zilezile, Mzee. Mtihani uleule."

"Haya. Watakuja lini kupimwa?"

"Hawaji. Watafika Ijumaa, kesho yake mahafali. Watajaza fomu ya vipimo wenyewe."

"Mtu ajipime mwenyewe?" Baba alimtazama Mama mkwe, aliyekuwa anapinda mapindo pembeni, kama vile anatafuta shahidi. "Na hospitalini siku hizi mgonjwa anajipasua mwenyewe?"

Bwana Mahafali akashusha sauti. Akasema ukweli ni kwamba pale ofisini wanataka kuagiza majoho ya kiwandani. Yanakuja kwa saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, mtu anachukua linalomfaa kama anayechagua kiti kwenye harusi. Yeye amemwombea Mzee mwaka mmoja wa mwisho wa kujaribiwa. Ijumaa itawekwa meza ya marejesho pale ukumbini. "Joho moja likirudi, Mzee, mwakani tunakwenda kiwandani. Hata moja. Ndivyo tulivyokubaliana, na kanuni hiyo nimeiandika mimi mwenyewe, ili mtu asije akasema umeonewa."

Alipotoka, Baba aliketi kwenye cherehani yake. Mama mkwe akamwambia, "Usijali. Utashona mito."

"Mito!" akasema Baba. "Mto una bega?"

Fomu zilikuja baada ya wiki, nami nikazisoma kwa sauti. Mmoja kwenye urefu wa mkono ameandika "wa kawaida." Mwingine kwenye shingo ameandika inchi hamsini na moja, Mama mkwe akauliza kama anasoma shahada ya ng'ombe au ni ng'ombe mwenyewe. Mmoja alitupa uzito wake. Mmoja aliandika, "Mimi ni kama kaka yangu, ila mimi mnene." Baba akaniambia nisimame hapohapo, nisiendelee, asije akashikwa na presha.

Akazunguka meza ya kukatia mara mbili. Kisha akasema, "Mwanangu, hiyo simu yako inaonyesha watu?"

"Inaonyesha, Baba. Ina ufa kidogo kwenye kona."

"Tutawapima kwa macho."

Basi tukaanza. Bwana Mahafali alitupa namba, nami nikawa napiga mmoja mmoja. Simu niliiegemeza kwenye boksi la vifungo juu ya meza, Baba anaketi mbele yake na chaki mkononi, mimi pembeni na daftari, Meneja mgongoni. Mtu anaambiwa asimame kando ya mlango, maana milango Baba anaijua, kwa hiyo kwa mlango anapata urefu wake. Kisha anajizungushia kamba, anaikunja, anaipima kwa rula na kutusomea. Mwisho Baba anasogea karibu na kioo cha simu, anafumba jicho moja na kumaliza na mabega. "La kulia, nusu inchi. Andika." Naandika.

Sikujua kama nitacheka vile. Nesi mmoja alijifungia kwenye stoo ya hospitali akajipima kwa bendeji, na bendeji ikawa inavutika, kila tukirudia anapungua. "Fundi, nimekonda tangu tuanze?" Dereva wa lori aliegemeza simu kwenye tairi, akasimama barabarani, kila gari likipita anapungia mkono badala ya kupimwa. Bwana mmoja alikuwa amevaa koti na tai, nadhifu kama hakimu, lakini kila akiambiwa asimame hasimami.

"Simama, mwanangu."

"Siwezi, fundi."

"Una maumivu?"

"Hapana. Huku chini nina taulo."

"Kavae suruali, tunakusubiri. Miaka mitatu umesoma hivyo hivyo?"

"Kamera inaonyesha huku juu tu, fundi."

Halafu alikuja mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu tisa, amekaa wima kama bado ana darasa mbele yake. Baba akamwambia asijikaze, aachie tumbo. Akamtazama Baba juu ya miwani. "Wewe una umri gani?"

"Sitini na moja, mama."

"Nimefundisha watoto wakubwa kuliko wewe. Tumbo langu nitaliachia nikipenda." Lakini akaliachia, na Baba akasema "asante, mwalimu" kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Mimi nilikuwa natazama nyuma yao. Vitabu vimepangwa juu ya friji. Ratiba ya masomo imebandikwa kando ya ratiba ya chanjo. Kulikuwa na mama mmoja, nadhani tunalingana, alipopokea simu alikuwa na mtoto begani anambembeleza. Alisema mihadhara alikuwa anaisikiliza kwa sikio moja, la pili la mtoto. Akaniona na Meneja. "Wako ana miezi mingapi?"

"Tisa."

"Ameota meno?"

"Mawili ya chini."

"Wangu matatu, ananiuma huyo!"

Tukazungumza meno mpaka Baba akakohoa. Lakini nilipotaka kuendelea na vipimo, aliniambia, "Mwache kwanza amlaze mtoto. Kazi haikimbii." Na tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema shahada za hewani.

Tulipima watu arobaini na saba kwa siku nne. Mabega tisini na manne. Baba alishona kama aliyerudishiwa ujana. Alikuwa anasema, "Huyu nesi nimemtengea bega lake vizuri," au "Dereva bega lake lile la usukani nimelikumbuka." Ya wale themanini wa darasani alikuwa ameshayamaliza zamani, waliingia dukani wakapimwa kama kawaida. Ilipofika Jumanne ya wiki ya mahafali, majoho yote yalikuwa yametundikwa, meusi, yamenyooshwa, duka zima kama limejaa watu wasio na vichwa.

Jumanne hiyo alikuja kinyozi. Yeye ni wa mtaa wa pili, lakini alisoma biashara mtandaoni, kiti kikiwa hakina mteja anafungua somo, mteja akija anafunga. Tulimpima kwa simu kama wengine, kwa sababu Baba alisema hakuna upendeleo. Akaomba ajaribu lake mapema.

Akalivaa. Upande mmoja ukapanda hadi karibu na sikio, upande wa pili ukateleza kama unataka kwenda zake.

Kinyozi akajitazama. "Fundi, mbona kama nimekamatwa na polisi?"

Hakuna aliyecheka. Baba akamzungukia, akaenda mgongoni, akaweka viganja, akafumba macho. "La kulia limeshuka. Nusu inchi." Akafumbua. "Daftari linasemaje?"

Nikatafuta. "Linasema la kushoto, Baba."

"Uliandika ulichosikia?"

"Niliandika ulichosema, Baba."

Alinitazama, wala si kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilijua anafikiria kitu ambacho hatakisema: kwamba amempa kalamu mtoto wa watu. Nilimhamisha Meneja kutoka mgongoni, nikampakata kiunoni, nikasimama pale mbele yake.

Baba akajikuna kichwa. Kisha, labda aniondolee aibu, akasema, "Na wewe mpe bibi yake huyo mtoto. Bega lako la kulia litakufa."

Meneja alikuwa kiunoni kwangu upande wa kushoto.

Mkwe hamwambii baba mkwe wake kwamba hajui kulia na kushoto. Nikamtazama mtoto, nikamtazama Baba, nikamtazama mtoto tena. Mama mkwe akaacha sindano. "Baba Fulani," akasema, hivyo ndivyo anavyomwita akitaka kumsuta, "mtoto yuko kushoto."

"Kulia."

"Kushoto."

"Nina macho!" Baba akaja kunionyesha. Akapita pembeni yangu, akasimama mgongoni kwangu kama anavyosimama kwa wateja wote, akainua mkono wake wa kulia auweke kwenye bega la upande wenye mtoto. Mkono ukakuta bega tupu.

Akarudi mbele. Akanitazama. Akaenda nyuma tena. Meneja alidhani ni mchezo, akaanza kucheka kwa sauti kila babu yake akipotea na kutokea. Mara ya tatu Baba hakutokea. Tulimkuta ameketi kwenye kiti cha cherehani, futikamba ameishika kwa mikono miwili.

"Miaka ishirini na sita," akasema, "nimepima watu kwa mgongo. Kulia kwao ni kulia kwangu. Hawa..." Akanyooshea simu kidole. "Hawa wote walinitazama usoni."

"Wote, Baba," nikasema. Moyo wangu ulikuwa umetulia na kuumia kwa wakati mmoja. Hata mimi nilikuwa nimeketi palepale, nawatazama usoni palepale, na sikuona.

"Yote arobaini na saba?" akauliza kinyozi, bado amekamatwa na polisi.

"Yote," akasema Baba. "Kila bega nimelitengea kipimo cha jirani yake."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kufumua joho moja na kulikata upya ni kazi ya siku nzima, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimekwisha. Baba akaanza kusema maneno ya mtu anayeaga. Akasema majoho ya kiwandani si mabaya sana. Akasema hata mito, ukiitazama vizuri, ina pembe.

Mama mkwe alimvua kinyozi lile joho, akalishika mabegani, akaligeuza ndani nje, kama unavyogeuza nguo unapoianika jua lisiipaushe. Akamrudishia. "Vaa."

Kinyozi akavaa. Mabega yakatulia, kila moja mahali pake, kama maji kwenye beseni.

Nadhani nilipiga vigelegele, maana Meneja alishtuka. Baba aliinuka, akaenda mgongoni, akaweka viganja. Akafumba macho. "Enhe," akasema. Kisha akafumbua, akaona mishono. Joho lilikuwa limetoa utumbo nje. Mishono ya mabega, ya mikono, ya mgongo, yote iko wazi, na nyuzi zangu zile nilizodhani hakuna atakayeziona.

"Sasa anafanana na mtu aliyevaa gizani," akasema Baba.

"Gizani lakini linakaa," akasema Mama mkwe.

Baba akasimama katikati ya duka, anazunguka macho kama anayetafuta mwizi. Akaenda chini ya meza, akavuta boksi lililokaa pale tangu kabla sijaolewa. Ndani kulikuwa na mviringo kwa mviringo wa utepe wa rangi ya dhahabu. Aliununua ashone mapazia ya hoteli moja, hoteli ikabadili mawazo ikaweka ya kuvuta kwa kamba. Akakata kipande, akakilaza juu ya mshono wa bega la kinyozi, akarudi nyuma hatua mbili.

Kinyozi akageuza shingo ajione. Kisha akasema polepole, "Fundi, usinivue."

Baba akamwapisha palepale kwamba neno hili halitatoka. Mama mkwe alisema kumwapisha kinyozi ni sawa na kufunga maji kwenye gazeti, lakini yule bwana alikuwa amelipenda joho lake kiasi kwamba asingekubali mtu ajue lilikotoka.

Jumatano, Alhamisi, mpaka Ijumaa asubuhi, tuliyageuza yote ndani nje na kushona utepe. Baba cherehani moja, mimi ya pili, Mama mkwe akimalizia kwa mkono. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akapewa kazi ya kubana utepe kwa pini. Amezoea vyuma, kwa hiyo kila pini aliishika kama anategua bomu, na kila ikimchoma alikuwa anasema, "Chuma hakifanyi hivi." Tulimaliza la arobaini na saba saa nne asubuhi, na mahali pa kulala palikuwa na utepe mpaka ndani ya nepi ya Meneja.

Ukumbini, Bwana Mahafali alikuwa ameshaweka meza yake, na karatasi juu yake imeandikwa MAREJESHO. Themanini wa darasani walikuwa wameshachukua yao, wanapiga picha. Ndipo wakaanza kuingia wa mtandaoni. Walikuja na mabegi, na watoto, na waume, wanasoma vibao vya milango kama wageni, na kwa kweli walikuwa wageni kwenye chuo chao. Walikuwa wanatambuana kwa sauti. Mmoja anasema tu "samahani, hapa ndipo," na mwingine anageuka, "Haa! Wewe si yule wa kuuliza maswali saa ya kumaliza?" Wanakumbatiana. Baba aliwatambua kwa mabega. Hakukosea hata mmoja. "Nesi, hili hapa. Dereva, njoo. Wewe, leo una suruali, hongera."

Wakavaa. Mimi nilisimama karibu na meza ile, nimembana Meneja hadi akalalamika. Mwalimu mstaafu alivaa lake, akajitazama mikono, akajitazama kifua, utepe unang'aa kama maji ya mto wakati wa jua. Yule mama mwenzangu alimpa mumewe mtoto, akazunguka mara moja ili joho lizunguke naye. Hakuna aliyeisogelea meza. Bwana Mahafali alikuwa anahesabu kwa macho, na nikaona anaanza kutabasamu. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Kinyozi alikuwa amelivaa tangu nyumbani, akavuka nalo barabara.

Ndipo msichana mmoja wa darasani akaja, amebeba joho lake mkononi. Akaliweka mezani. "Narudisha."

Nikasogea karibu zaidi na meza.

"Linabana?" akauliza Bwana Mahafali.

"Halibani."

"Limechanika?"

"Halijachanika."

"Sasa unarudisha nini?"

"Narudisha sura yake!" akasema msichana. "Miaka mitatu nimepanga chumba, nimekaa foleni ya maktaba, nimenyeshewa mvua kwenye hii barabara. Leo mimi nivae kama gunia la mkaa, na aliyesoma kitandani avae dhahabu?"

"Mimi sijasoma kitandani, mwanangu," akasema mwalimu mstaafu. "Nimesoma jikoni."

Nyuma ya msichana akaja mwingine. Nyuma yake wengine wawili. Kabla sijamaliza kumbembeleza Meneja, foleni ilikuwa imefika mlangoni, kila mtu na joho lake mkononi, wanaongea kwa pamoja. Mezani kukawa na mlima mweusi. Bwana Mahafali alishika kalamu, haandiki, jasho linamtoka. Alimtazama Baba kama mtu aliyechimba shimo akaona anayetumbukia si aliyekusudiwa. "Mzee... kanuni..."

Baba alikuwa amesimama wima, mikono nyuma. "Kanuni ni kanuni, mwanangu," akasema. "Uliniambia hata moja. Naona ni thelathini." Sauti yake haikutetemeka, lakini nilimwona anaivua futikamba shingoni na kuizungusha kidoleni. Sijawahi kumwona akiivua mchana.

Kelele zile zikamleta Mkuu wa chuo, mama mmoja mrefu, amekuja kwa mazoezi ya maandamano, joho lake jekundu ameliweka mkononi kwenye hanga. Watu wakapisha. Alimwangalia nesi, akamwangalia dereva, akashika mkono wa mwalimu mstaafu na kupitisha kidole juu ya utepe.

"Hii mmewawekea wa mtandaoni tu?"

"Ndiyo, Mkuu. Yaani, hapana. Mimi sikujua," akasema Bwana Mahafali.

"Na hawa wengine wamepanga foleni ya nini?"

"Wanarudisha, Mkuu. Wanataka na wao." Akaeleza kanuni yake, joho moja, kiwandani, mwakani. Kila akiendelea sauti ilikuwa inapungua.

Mkuu wa chuo akalitazama joho lake mwenyewe. Akalitoa kwenye hanga na kuliweka juu kabisa ya ule mlima. "Na langu. Liandike."

"Mkuu, nikiandika tu, Mzee anapoteza kazi."

"Kanuni ameiandika nani?"

"Mimi, Mkuu."

"Basi na karatasi hii iandike wewe. Futa marejesho, andika 'Yako kwa fundi.' Nguo ikienda kwa fundi wake haijarudi, imekwenda nyumbani." Akamgeukia Baba. "Mzee, utepe upo?"

"Upo, Mkuu. Hoteli ilikuwa na madirisha mengi."

"Na kiwandani wanajua kufanya hivi?"

"Kiwandani," akasema Baba, akiirudisha futikamba shingoni, "hawajui hata bega ni nini."

Cherehani zikaletwa ukumbini mchana huohuo, mume wangu na dereva wa lori wakizibeba. Wa darasani wakajipanga, na wa mtandaoni, waliokuwa wamekuja kama wageni, wakawa wanawaelekeza, simama hapa, subiri pale, mwachieni fundi nafasi. Bwana Mahafali alivua koti akashika pini. Mwakani, alisema mwenyewe bila kuulizwa, watakuwa mia tatu, itabidi Mzee aanze mapema.

Mkuu wa chuo alikuwa bado amesimama karibu na cherehani ya Baba, anatazama utepe ukishuka bega la joho lake jekundu.

"Wazo hili ulilipata wapi, Mzee?"

Mama mkwe akaacha kupinda. Kinyozi, kule nyuma, akakohoa. Baba hakuinua kichwa.

"Utafiti," akasema.

Nami nikainama chini ya meza, natafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.